Franka za bombo

Wiki hii tuongee juu ya zile franka tunazomwekea mtoto mkononi asubuhi, kabla hatujaenda shambani ao sokoni.

Siku moja, kisha rekreasyo, sisi walimu tuliomba watoto waokote makaratasi ya bombo na biskwi na vifuko vya juse vilivyobaki uwanjani. Kitunga kilijaa. Siku ileile mtoto mmoja alilia darasani kwa ajili ya jino, hakuandika hata neno moja. Mara nyingine tunasema mtoto ni mvivu, kumbe jino halikumwacha alale.

Mdomoni mna vijidudu vinavyokula sukari na kutoa asidi. Asidi hiyo inatoboa jino polepole. Mtoto anayenyonya bombo siku nzima anaumia kuliko yule aliyekula kitamu mara moja, pamoja na chakula. Tangu mwaka 2015, OMS inashauri sukari ya kuongeza isipite sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazopata katika chakula cha siku, na ikiwezekana iwe nusu ya hiyo. Kijiko kidogo kina karibu gramu 4. Chupa ya soda ya sentilita 33 inaweza kubeba gramu 35: karibu vijiko 9! Asali na juse navyo vinahesabiwa.

Lakini tusidanganyane. Wanaouza bombo kwenye mlango wa masomo ni wamama wenzetu, wengine wamo katika chama hiki. Pesa ile ndiyo inalipa nyumba. Tukiwafukuza, tutaokoa meno ya mtoto mmoja na kumlaza mwingine njaa. Tunaomba hivi: mama mwenye meza aweke ndizi, karanga, mahindi ya kuchoma ao mihogo iliyopikwa kando ya bombo, na wiki kwa wiki apunguze bombo. MUSO zetu zimsaidie kwa mkopo mdogo wa kuanzia. Na sisi wengine tununue kwake, ili asipate hasara.

Nyumbani, kama uji wa masoso unatiwa vijiko 4, wiki hii tutie 3, wiki ijayo 2. Ulimi unazoea. Papai ao ndizi nzima ni bora kuliko juse. Usiku mtoto apige mswaki kwa dawa ya meno, kisha hapo ni maji tu mpaka asubuhi.

Wengine watasema watoto hawatakubali. Tukumbuke Ebola, kutoka 2018 mpaka 2020. Hapa Beni na Butembo watoto walijifunza kunawa mikono mlangoni mwa masomo, na wakirudi nyumbani ni wao waliotukumbusha sisi wakubwa.

Kesho asubuhi, kabla ya kutoa franka, tutie kwanza ndizi moja katika sakoshi ya mtoto. Kwenye mkutano ujao tuambiane kama ilirudi ao ililiwa.