Umeme Si Kuwaka na Kuzimika Tu

Walimu wengi tufundishapo somo la umeme katika shule za msingi huridhika mapema mno. Twachora betri, waya, swichi na balbu ubaoni. Twaeleza kwamba swichi ikiwashwa balbu huwaka, na ikizimwa balbu huzimika. Wanafunzi wananakili mchoro, na somo limekwisha. Sisemi kwamba somo hilo ni kosa. Nasema kwamba ni nusu ya somo, na nusu iliyoachwa ndiyo iwezayo kumfafanulia mtoto redio anayoisikiliza nyumbani kila siku.

Nilipokuwa mwalimu mpya nilifundisha somo hilo katika Darasa la Sita. Mwanafunzi mmoja alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, mbona redio yetu ikichomolewa ukutani taa yake nyekundu haizimiki papo hapo, bali hufifia polepole?" Nilimjibu kwamba swali hilo halikuwa la darasa lake, nikamwambia aketi. Ukweli ni kwamba sikujua jibu. Muhula wote uliosalia hakuuliza tena. Kosa langu halikuwa kutojua. Kosa lilikuwa kuficha kutojua kwangu kwa kumnyamazisha mtoto aliyekuwa ametazama jambo vizuri kuliko mwalimu wake.

Ndani ya redio mna kapasita, yaani kifaa kiwekacho akiba ya chaji ya umeme, na mna rezista, yaani kifaa kizuiacho mkondo usipite kwa wingi. Vifaa hivi vikiungwa pamoja, saketi haiitikii badiliko papo hapo, bali huchukua muda. Kwa sababu hiyo ishara iingiayo katika saketi na ishara itokayo zaweza kuwa na maumbo tofauti. Kwa maoni yangu mtoto wa Darasa la Sita au la Saba aweza kulielewa wazo hili bila kanuni yoyote ngumu ya hesabu, mradi aone na kupima mwenyewe.

Zitafutwe betri nne za tochi zilizopangwa mfululizo, ambazo pamoja hutoa volti 6. Rezista moja ya omu 10,000. Kapasita moja ya mikrofaradi 1,000 iliyoandikwa volti 16 au zaidi. Na mita ya kidijiti ya kupimia volti. Ncha moja ya rezista iungwe na mguu chanya wa kapasita. Mguu wa kapasita wenye alama ya kutoa uungwe na upande hasi wa betri, kwani ukigeuzwa kapasita huharibika. Ncha ya pili ya rezista ifungiwe waya ulio huru. Waya huo ukigusishwa upande chanya wa betri kapasita hujaa. Ukigusishwa upande hasi akiba yake hutoka. Umeme wa ukutani usitumiwe kamwe katika jaribio hili.

Mita iwekwe kwenye miguu ya kapasita, na mwanafunzi mmoja ahesabu sekunde kwa sauti. Baada ya sekunde 10 mita itaonyesha karibu volti 3.8, baada ya 20, karibu 5.2, baada ya 30, karibu 5.7, na baada ya 50 itakaribia 6. Tarakimu zaweza kutofautiana kidogo, kwa kuwa kapasita hazilingani kabisa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa kila haba ni ndogo kuliko iliyotangulia. Wanafunzi wakizichora tarakimu hizo katika karatasi ya miraba watapata mstari unaopanda kwa kasi, kisha unaoinama na kulala.

Hapa sina budi kuupinga mfano tunaoupenda sana, wa bomba linalojaza ndoo. Bomba hujaza ndoo kwa mwendo ule ule tangu mwanzo hadi mwisho. Kapasita haijai hivyo. Mfano ulio bora ni wa vyombo viwili vilivyounganishwa chini kwa mrija mwembamba, kimoja kikiwa kimejaa na kuongezwa maji kila mara, na cha pili kitupu. Maji hukimbia mwanzoni, kisha hupunguza mwendo kadiri vimo vinavyokaribiana. Mfano mbaya humfunga mtoto kuliko kukosa mfano.

Baada ya hapo darasa liendelee na maumbo ya ishara. Waya ugusishwe upande chanya kwa dakika moja, kisha upande hasi kwa dakika moja, na kurudia. Ishara iingiayo ikichorwa itakuwa kama ukuta: yapanda ghafla, yakaa, yashuka ghafla. Itokayo itakuwa na pembe zilizoviringika, ingawa bado yafika juu na chini. Sasa darasa lipige makofi kila sekunde, na waya uhamishwe kwa kila kofi. Mita itapanda pole pole hadi karibu na volti 3, kisha itakaa hapo ikitikisika kidogo. Saketi haikubadilika, kilichobadilika ni ishara. Ishara ya polepole hupita karibu nzima, ya haraka husawazishwa ikabaki wastani wake.

Mita ikihamishiwa kwenye ncha za rezista, na waya ukirudishwa kwenye mwendo wa dakika moja moja, mambo yatakuwa kinyume. Kila waya unapohamishwa volti huruka karibu 6, mara chanya, mara hasi, kisha hufifia hadi sifuri. Upande huu wajali badiliko, haujali utulivu.

Sasa swali la mtoto yule lajibika. Umeme wa ukutani katika Afrika ya Mashariki hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Redio nyingi hutumia diodi kuugeuza uwe vilima 100 kwa sekunde, na kapasita huyajaza mabonde yaliyo katikati. Kapasita ikichakaa mabonde hayajai vema, ndipo redio huvuma. Redio ikichomolewa, akiba iliyobaki huendelea kuilisha taa hadi iishe.

Mwalimu mwenyewe yampasa kujua zaidi ya anayoyasema darasani. Mfaransa Joseph Fourier, katika kitabu chake cha mwaka 1822 kuhusu joto, alionyesha kwamba maumbo ya aina nyingi yaweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi laini, ya polepole na ya haraka. Hata umbo la ukuta lina mawimbi ya namna hiyo. Saketi yetu huyapunguza zaidi yale ya haraka, na ndiyo maana pembe hupotea. Wimbi moja lililo laini likipita humo hubaki na umbo lake, ila hupungua na kuchelewa.

Huenda wengine wakasema kwamba vifaa hakuna na madarasa ni makubwa. Seti moja yatosha darasa zima: mmoja agusishe waya, mmoja asome mita, mmoja ahesabu, wote waandike na kuchora. Rezista na kapasita aghalabu hupatikana kwa fundi redio katika mabaki yake. Kipindi hicho pia kitakuwa cha hesabu, kwani kuchora grafu ya kitu ulichokipima mwenyewe ni tofauti na kuinakili kutoka ubaoni.

Ndugu mwalimu mtarajiwa, siku moja utaulizwa swali usilolijua jibu lake. Usimwambie mtoto aketi. Mwambie, "Sijui, tujaribu," kisha tafuta betri nne.