Msalaba Uliotangulia Uporaji



Wapendwa waamini, sisi tuishio Ilala tumezoea kelele. Kariakoo huamka kabla ya mapambazuko, na vipaza sauti vya wachuuzi havituachii nafasi ya kuisikia hata mioyo yetu. Kwa hiyo afikaye Kilwa Kisiwani kwa mara ya kwanza hushangazwa kwanza na ukimya. Huvuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, kisha hutembea kwa miguu kati ya mibuyu na magofu: Msikiti Mkuu, Gereza, Husuni Kubwa. Tangu 1981 magofu hayo, pamoja na yale ya Songo Mnara, yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Ukimya huo una historia, na sehemu yake yatuhusu sisi Wakatoliki. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, aliukuta hapo mji mzuri, na sultani aliyesifika kwa ukarimu hata akaitwa baba wa vipawa. Mwezi Julai 1505 zikaja merikebu za Wareno chini ya Francisco de Almeida. Masimulizi ya msafara huo yanaeleza kwamba mji ulipotekwa, mapadre Wafransisko waliteremka pwani kwa maandamano, wakiwa na misalaba miwili na kuimba Te Deum. Msalaba ukawekwa katika jumba la mtawala, naye Almeida akasali. Kisha watu wake wakaanza kupora.

Yuko atakayesema: hao walikuwa Wareno, tena ni karne tano zilizopita. Ni kweli. Lakini msalaba ule ndio huu tuuvaao shingoni. Kilichokosekana siku ile hakikuwa sala. Ilikosekana sala yenye kuizuia mikono. Nasi je? Tunaimba kwa shangwe siku ya Dominika, na Jumatatu tunachezea mizani dukani. Uporaji mdogo nao ni uporaji.

Kwa maoni yangu, jumuiya na kwaya zetu zinazopanga safari za mapumziko zingefaa kwenda Kilwa Kisiwani, ila ziende kama wageni. Tuziache spika nyumbani. Tuvae kwa heshima, tuombe ruhusa kabla ya kuingia, tumlipe mwongoza wageni ujira wa haki, na chakula tununue kwa wenyeji, ambao wengi wao ni ndugu zetu Waislamu. Bwana wetu alipowatuma wale sabini na wawili (Lk 10), aliwataka waende bila mfuko, watangulize salamu ya amani, na wale walichoandaliwa. Mtume wa namna hiyo hana mahali pa kuficha nyara.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 1505 mwenyeji hakupona. Deni hilo hatuwezi kulilipa kwa hotuba. Twaweza kulipunguza kwa mwenendo wetu, kisiwani na hapa sokoni.

Nawatakieni Dominika njema.