Damu Ikitolewa, Isomwe

Wazee wetu walikuwa na maabara yao uani. Mtu akikojoa kando ya ukuta, na asubuhi sisimizi wakakutwa wamejazana pale, walijua mkojo ule una utamu na mwenyewe ana jambo. Waganga wa Bara Hindi nao waliandika habari za sisimizi hao karne nyingi zilizopita. Mwaka 1776 daktari Mwingereza, Matthew Dobson, aliuchemsha mkojo wa mgonjwa wa kisukari hadi ukakauka. Kilichobaki kilikuwa cheupe, akakionja, kikawa na ladha ya sukari.

Elimu iitwayo metabolomiki ni mjukuu wa sisimizi wale. Mwili ukila, ukifunga au ukipigana na vijidudu, huacha masazo katika damu, mkojo na hata pumzi: sukari, asidi, mafuta. Zamani tabibu alipima kimoja au viwili. Leo mashine zipimazo uzito wa molekuli husoma mamia kwa mpigo, kutoka damu kidogo mno. Watafiti wa Marekani waliichunguza damu iliyohifadhiwa ya wakazi wa mji wa Framingham, Massachusetts, na mwaka 2011 wakatangaza kwamba wenye kiwango kikubwa cha asidi amino tano walikuwa katika hatari zaidi ya kupata kisukari ndani ya miaka 12 iliyofuata. Miaka 12! Mtu angekuwa bado anacheza mpira.

Maradhi ya kuambukiza nayo huacha masazo. Vimelea vya malaria hula sukari kwa pupa na kutema asidi ya laktiki. Malaria ikiwa kali, sukari mwilini mwa mtoto huweza kushuka, naye akapumua kwa kasi na kwa kina, pengine akashikwa na degedege. Na huku majirani wanabishana ni mganga gani aitwe, ubongo wake una njaa. Pale Morogoro, panya buku wa shirika la APOPO hunusa makohozi wakatambua kifua kikuu, na wanachokinusa ni molekuli ndogo za namna hiyo. Tena mwenye kisukari huwa katika hatari ya kifua kikuu mara mbili hadi tatu kuliko asiye nacho. Maradhi haya tuliyoyatenga katika kliniki mbalimbali hukutana ndani ya damu moja.

Lakini mtafiti akiingia kijijini na sindano, twanong'onezana: mumiani! Mimi siwacheki wanaonong'ona. Damu ya watu imetolewa mara nyingi, gari likaondoka na vumbi lake, na hakuna aliyerudi kusema kilichoonekana. Aibu hiyo ni ya watafiti, na waikubali.

Hata hivyo tukikataa tunajidhulumu. Masazo ya mwili hufuata chakula, dawa na maradhi ya mahali. Mla ugali wa muhogo na dagaa kule Kigoma hawezi kupimwa kwa kipimo kilichotengenezwa kwa damu ya mla mkate na jibini wa Massachusetts, kisha tukaambiwa huyu mzima, huyu mgonjwa.

Nanyi mnaowatoa watu damu, hapana budi niseme nanyi. Chembe nyekundu hazina habari kwamba zimekwisha kutoka mwilini. Huendelea kula sukari humo humo kichupani, asilimia 5 hadi 7 kwa saa katika joto la kawaida la chumba. Kichupa kilichosahauliwa mezani tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana kimepoteza kama robo ya sukari yake, na mashine ya mamilioni itasoma kwa uaminifu kabisa hali ambayo mgonjwa hakuwa nayo. Barafu, mashine ya kuzungushia damu na jenereta lenye mafuta ndiyo metabolomiki yenyewe. Wakubwa wanaopanga bajeti wasianze na mashine ya kupigwa nayo picha siku ya uzinduzi, waanze na jokofu lisilozimika umeme ukikatika.

Nawe msomaji, mtafiti akija kwako na fomu ya ridhaa, usimkimbie wala usitie sahihi kwa haya. Muulize damu yako italala wapi, na majibu yatarudi lini na kwa lugha gani. Akikujibu ukaridhika, kunja mkono wa shati.