KONA YA FUNDI: Sikiliza Kelele Kabla ya Kununua Redio

Mwezi huu tunajibu swali ambalo madereva na vijana wa gereji wametuletea mara nyingi: kwa nini redio ya gari inalia "wiiii" injini ikiwaka, na injini ikizimwa inanyamaza kabisa?

Mwingine atasema: mimi gari sina, hii inanihusu nini? Inakuhusu. Gari la matangazo likipita kwenye bloku zetu, ukisikia "kesho asubuhi... wiiii... chanjo ya watoto wa... wiiii", mama hatajua kama anayeitwa ni mtoto wake au wa jirani. Tena vijana wetu wengi wanajifunza ufundi. Dereva akiambiwa anunue redio mpya, akalipa, halafu kelele ikabaki palepale, huyo harudi tena kwa fundi yule, na wenzake atawaambia. Na wewe unayesikiliza redio nyumbani kwa betri na sola, neno lako liko mwishoni.

Jambo la kwanza kabisa: mara nyingi redio yenyewe si mgonjwa. Inatoa tu kile kilichoingia ndani yake. Kwa hiyo usinunue kitu, wala usikate waya, kabla hujajua kelele inatoka wapi na imeingilia mlango gani.

KELELE INATOKA WAPI?

Wiiii inayopanda ukikanyaga mafuta na kushuka ukiachia: hiyo ni altaneta. Altaneta inazalisha umeme wa kwenda na kurudi, halafu dayodi zilizo ndani yake zinaugeuza uende njia moja tu, ndipo uingie kwenye betri. Mawimbi kidogo hubaki, na hayo ndiyo unayosikia.

Ta-ta-ta inayofuata mwendo wa injini: huo ni moto wa plagi, zile ambazo mafundi wa Kongo wanaziita buji. Angalia nyaya za plagi kama zimepasuka au zimezeeka. Lakini hii ni ya gari la petroli. Injini ya dizeli haiwashi kwa cheche, basi kwenye Land Cruiser ya dizeli usipoteze muda hapo.

Mlio unaokuja ukiwasha waipa au feni tu: ni mota ya kifaa hicho. Zima vyote, washa kimoja kimoja, utakikamata.

Ti-ti-ti, ti-ti-ti, kisha simu inaita: ni simu yako. Isogeze mbali na redio, kazi imekwisha.

Na moja ambayo siyo kelele: magari mengi yanatoka Japani, na redio zake nyingi za FM zinaanzia 76 na kuishia 90, wakati stesheni za huku zinafika mpaka 108. Redio hiyo ikikosa stesheni za juu, haijaharibika. Haikutengenezwa kwa ajili ya huku.

IMEINGILIA MLANGO GANI?

Washa injini, kisha fanya hivi kwa utaratibu:

1. Shusha sauti ya redio mpaka sifuri. Kelele ikibaki vilevile, inaingia baada ya redio: kwenye amplifaya au nyaya zinazokwenda huko. Ikipungua pamoja na sauti, inaingia kwenye redio yenyewe au kabla yake.

2. Chomoa waya wa antena nyuma ya redio. Kelele ikikata, imepita kwenye antena. Angalia kitako cha antena pale kinapogusa bodi, mara nyingi kuna kutu.

3. Kama muziki unatoka kwenye simu iliyo kwenye chaja ya gari, chomoa chaja, simu itumie betri yake. Ukimya ukirudi, umeshampata mwizi.

4. Kama kuna amplifaya, zima kila kitu, chomoa nyaya za sauti zinazoingia humo, halafu washa tena. Ikinyamaza, kelele inakuja na nyaya hizo. Ikiendelea, angalia umeme wa amplifaya na masi yake.

MASI NDIYO MKOSAJI MKUBWA

Kwenye gari umeme unatoka betri kwa waya, lakini unarudi kwa kupitia bodi. Njia hiyo ya kurudi ndiyo masi, wengine wanaiita ethi. Rangi, kutu, vumbi na bolti iliyolegea vinaziba njia. Na redio ikifungwa masi hapa, amplifaya kule nyuma, sehemu hizo mbili hazilingani sawasawa. Basi umeme kidogo unapita kwenye waya wa sauti, unakuja na wiiii yake.

Dawa yake ni rahisi. Fungua bolti, piga msasa mpaka chuma king'ae, rudisha na kaza sana, halafu paka gresi juu kuzuia kutu. Redio na amplifaya vifungwe masi sehemu moja. Usisahau waya mnene unaounganisha injini na bodi, na ule wa hasi ya betri. Mwenye mita apime kati ya hasi ya betri na masi ya amplifaya muziki ukilia: isome karibu na sifuri. Ikizidi sana sehemu moja ya kumi ya volti, masi hiyo ni mbaya.

Nyaya nazo zisilale pamoja. Waya wa umeme upite upande mmoja wa gari, wa sauti upande mwingine. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba.

Yote hayo yakiwa sawa, pima altaneta. Kwenye gari la volti 12, injini ikiwaka, betri isome kati ya 13.5 na 14.5. Kisha geuza mita kwenye umeme wa kwenda na kurudi, pima palepale kwenye betri. Ikizidi nusu volti, shuku dayodi. Hapo kuna anayekimbilia kuweka kondensa ya kuzuia kelele. Kelele itapungua kweli, lakini altaneta inaendelea kufa kimyakimya, na siku moja gari halitawaka, labda lina mgonjwa ndani.

TAHADHARI

Usichomoe betri injini ikiwaka. Unaweza kuunguza altaneta na vifaa vingine. Usishike nyaya za plagi injini ikizunguka, mle mna maelfu ya volti. Waya wa chanya wa amplifaya uwe na fyuzi karibu na betri, na fyuzi ikikatika usiweke kipande cha waya mahali pake. Magari yanaungua hivyo.

KWA WALE WA NYUMBANI

Redio ikikoroma, hasa kwenye AM au masafa mafupi, chomoa chaja ya simu kwanza, kisha zima taa za bei rahisi, kisha kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri. Moja moja, ukisikiliza. Halafu jaribu redio kwa mawe yake peke yake: ikitulia, kelele ilikuwa inakuja na waya. Kuisogeza hatua chache tu, au kuigeuza, nako kunasaidia.

Vijana wa gereji, neno la mwisho ni lenu. Ukigundua kwamba ni bolti moja tu, mwambie mwenye gari kwamba ni bolti moja. Mlipishe kazi ya kutafuta, maana kutafuta ndio ufundi, lakini usimuuzie redio asiyohitaji. Kesho tukirudi Uvira au Bukavu, au tukipelekwa nchi nyingine, vitu vingi tutaviacha hapa. Ufundi na jina zuri tutaondoka navyo.

Maswali yenu tuleteeni kama kawaida. Tukijaliwa, tukutane mwezi ujao.