Waziri atuambie shilingi inazaa ngapi

Kila Juni, Waziri wa Fedha husimama Bungeni na kuahidi kwamba mradi huu au ule utachangamsha uchumi. Kwa kiasi gani? Hasemi. Gharama tunatajiwa hadi bilioni ya mwisho, lakini hatuambiwi kila shilingi itakayotumika itazaa ngapi mikononi mwa Wakenya. Jibu linaweza kukokotolewa, na wakati wa kulidai umefika.

Hesabu yenyewe ni ya zamani. Richard Kahn wa Cambridge aliiandika mwaka 1931, na John Maynard Keynes akaitumia katika nadharia yake ya 1936. Mtu akilipwa, sehemu ya malipo huitumia kwa jirani, na jirani naye hutumia sehemu kwa mwingine. Iwapo senti 60 za kila shilingi huendelea kuzunguka papo hapo, shilingi 100 za serikali mwishowe huleta matumizi ya shilingi 250; hiyo 2.5 ndiyo huitwa kizidishi. Zikibaki senti 20 tu, nyingine zikienda kwa bidhaa za ng'ambo, kodi na akiba, shilingi hizo 100 hazivuki 125. Wachumi wa leo wana modeli pana zaidi, zikiwemo zile za majedwali yanayoonyesha kila sekta inanunua nini kutoka kwa nani, kazi iliyomletea Wassily Leontief Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Swali halijabadilika: pesa zinavujia wapi?

Kenya ina ushahidi wa nyumbani ambao dunia nzima inausoma. Katika kaunti ya Siaya, kuanzia 2014, shirika la GiveDirectly lilizipa zaidi ya kaya 10,500 maskini takriban dola 1,000 kila moja. Vijiji 653 viligawanywa kwa bahati nasibu, na watafiti, miongoni mwao Edward Miguel na Dennis Egger, wakapima matumizi, mapato, biashara na bei katika eneo zima. Waligundua kwamba kila dola iliyotolewa iliongeza uchumi wa pale kwa takriban dola 2.5. Familia ambazo hazikupewa hata senti nazo ziliongeza matumizi yao. Bei, ambazo wengi wangetarajia zipae, zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu. Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kukaa kijijini: mwenye mashine ya kusaga anayeshinda nusu siku akisubiri debe la mahindi hahitaji kununua mashine ya pili wateja wakiongezeka. Uwezo ulikuwapo. Kilichokosekana ni wanunuzi wenye pesa.

Hata hivyo, asije mtu akachukua hiyo 2.5 na kuibandika kwenye kila mradi. Pesa za Siaya zilitoka nje na hakuna Mkenya aliyetozwa kodi ili zipatikane. Shilingi ya serikali hutolewa mfukoni mwa mtu kwanza, au hukopwa, kisha hulipwa pamoja na riba. Modeli yoyote isiyoondoa hasara ya kodi na deni kwenye faida ya matumizi inatupa nusu ya hesabu. Chukua reli ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa 2017 kwa mkopo wa China. Vichwa vya treni na mabehewa yalinunuliwa huko huko. Faida ya usafiri ina hesabu yake, na inaweza kuwa kubwa. Lakini shilingi ya reli hiyo haikuzunguka kama zinavyozunguka zile 2,000 za mpango wa serikali wa Inua Jamii anazopokea mzee kwa mwezi na kuzipeleka kwenye duka la jirani.

Kukosea kizidishi kunaumiza watu. Ugiriki ilipobanwa matumizi kuanzia 2010, makadirio ya Shirika la Fedha la Kimataifa yalichukulia kwamba kila yuro inayokatwa itapunguza uchumi kwa nusu yuro hivi. Olivier Blanchard, aliyekuwa mchumi mkuu wa shirika hilo, na mwenzake Daniel Leigh walionyesha baadaye kwamba athari katika miaka hiyo ilikuwa kubwa zaidi, kati ya 0.9 na 1.7 katika nchi walizochunguza. Mwaka 2013 ukosefu wa kazi Ugiriki ulivuka asilimia 27. Tofauti ya tarakimu moja kwenye jedwali ililipwa na vijana waliokosa ajira.

Ndiyo maana hatutaki tarakimu tupu. Tunataka makisio yaliyo nyuma yake yawekwe wazi, ili vyuo vikuu na wananchi wayapinge mapema, kabla pesa hazijatoka. Vyombo vipo: taasisi ya utafiti wa sera, KIPPRA, imeshajenga modeli ya uchumi mzima pamoja na Hazina ya Kitaifa, na KNBS, shirika la kitaifa la takwimu, ina takwimu. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inaitaka Hazina iwasilishe Taarifa ya Sera ya Bajeti Bungeni kufikia Februari 15 kila mwaka.

Humo ndimo kizidishi cha kila mradi mkubwa na cha kila kodi mpya kinamopaswa kuandikwa, pamoja na kiwango cha chini na cha juu, kwa Nairobi na kwa kaunti. Wabunge wanaweza kulidai hilo bila kusubiri sheria mpya. Pasipo hesabu hiyo, kamati ya bajeti irudishe taarifa hiyo Hazina.