Mwenye Kovu Usidhani Kapoa



Muhula uliopita chama chetu cha mijadala kilijadili hoja hii: "Kumpa mtahiniwa muda wa ziada ni upendeleo." Kila msemaji alipewa dakika tatu. Nami nilisimama kuipinga. Nilipofika katikati ya sentensi yangu ya sita kengele ililia, nikaketi, na wenzangu wakanipigia makofi ya huruma. Kura zilipohesabiwa, hoja ilipita. Simlaumu mwenyekiti, kwa maana sheria ni sheria. Lakini sikumaliza niliyotaka kusema. Kalamu haina kengele, basi naomba nafasi katika gazeti letu niyamalize.

Wanafunzi wengi mnajua kwamba nilipasuliwa kichwa. Lakini waliokwisha kumaliza masomo hapa hawajui habari hiyo, kwa hiyo nitaieleza kwa ufupi.

Mwanzoni mwa mwaka 2022, shule zilipokuwa zimefunguliwa tena baada ya korona, nilikuwa na umri wa miaka 16, nikisoma Kidato cha Nne. Kila asubuhi niliamka na maumivu ya kichwa, nikatapika, na ifikapo mchana nikajiona mzima. Nilitibiwa malaria mara mbili na homa ya matumbo mara moja. Kisha nikaanza kuyumba njiani kama mlevi, hata jirani yetu mmoja akamwambia mama kwamba nimerogwa. Picha ya kichwa ndiyo iliyomaliza ubishi. Palikuwa na uvimbe katika ubongo mdogo, ule ulio nyuma ya kichwa juu ya shingo. Haukuwa saratani, lakini ulikuwa umeziba njia ya maji ya ubongo, na ilikuwa lazima utolewe.

Yafaa tuelewe jambo hili. Ubongo wa mtu mzima hutengeneza karibu nusu lita ya maji kila siku. Maji hayo hupita katika njia nyembamba ndani ya ubongo, kisha huingia katika damu. Njia ikizibwa, maji hujaa na kuukandamiza ubongo. Na ule ubongo mdogo, ingawa uzito wake ni kama sehemu moja ya kumi tu ya ubongo wote, ndio unaoratibu mwendo: mguu usiyumbe, mkono usitetemeke, na ulimi utamke maneno kwa mfululizo.

Nilipasuliwa, na uvimbe ukatoka wote. Niliamka, nikamwita mama, nikaomba maji ya kunywa. Siku ya pili sauti ikaondoka. Nilisikia kila neno na kuelewa, lakini kinywa hakikuweza kutoa hata "ndiyo". Madaktari wanaijua hali hiyo. Huwapata baadhi ya watoto na vijana waliotolewa uvimbe mahali pale, huanza siku moja au chache baada ya kupasuliwa, na huweza kudumu kwa wiki au hata miezi. Mama hakuyajua hayo. Alidhani amekwisha kunipoteza. Kisha maji yakajaa tena, nikapasuliwa mara ya pili na kuwekewa mrija mwembamba upitao chini ya ngozi, kutoka kichwani mpaka tumboni. Mrija huo ninao hata leo.

Neno la kwanza lilirudi katika wiki ya saba, nalo lilitoka kama la mtoto mchanga anayejaribu kusema. Nyumbani baba alifunga mianzi miwili uani, nikajifunza kutembea katikati yake huku wadogo zangu wakinihesabia hatua. Mwezi wa Februari 2023 nilirudi shuleni, nikaanza upya Kidato cha Nne pamoja na wale waliokuwa nyuma yangu.

Watu waliponiona nimenenepa, na nywele zimeota juu ya kovu, walisema, "Amepona huyu." Wahenga walituonya zamani: mwenye kovu usidhani kapoa. Mpaka leo mkono wangu wa kulia hutetemeka. Ukurasa ambao jirani yangu huuandika kwa dakika kumi, mimi huuandika kwa dakika ishirini. Masomo niliyojifunza sikuyasahau. Yanatoka polepole tu.

Sasa na turudi kwenye hoja. Waliotushinda siku ile walisema mambo mawili. Kwanza, kwamba mtihani hupima wepesi pia. Pili, kwamba huko duniani hakuna mwajiri atakayemngoja mtu, basi ni heri azoee mapema. Hayo si maneno ya kijinga, nayo yastahili kujibiwa.

Kwa lile la kwanza nauliza: mtahini wa Historia akitaka sababu za Mkutano wa Berlin wa mwaka 1884, je, anatafuta sababu hizo, au anatafuta kujua mkono wa mtu huenda mbio kiasi gani? Mwenye miwani huingia nayo katika chumba cha mtihani, wala hatujasikia akiitwa mwizi wa alama. Isitoshe, Baraza la Mitihani la Uganda lenyewe hutoa muda wa ziada kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, na nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Basi jambo hili si hisani ya mwalimu kwa kijana anayempenda.

Nakiri kwamba hata mimi niliwahi kuwa upande wenu. Katika mtihani wa majaribio wa mwaka 2023 niliukataa muda wa ziada, kwa kuwa niliogopa kuitwa kilema. Katika karatasi ya Kemia niliacha maswali mawili ambayo majibu yake niliyajua vizuri. Hakuna aliyenisifu kwa ushujaa huo, na alama zilikwenda zake.

Lile la pili nitalijibu kwa kisa. Mwaka jana, katika muhula wa pili, niliamka siku moja na maumivu ya kichwa. Sikuweza kwenda kufyeka nyasi, na baadhi ya wenzangu wakasema natega kazi. Usiku nilitapika, kisha usingizi mzito ukanishika. Rafiki yangu wa kitanda cha pili akaniuliza nina nini. Nikaanza, "Mri..." nikakwama. Mmoja akasema, "Ana malaria huyo, mpeni vidonge alale." Rafiki yangu akajibu, "Nyamazeni, hajamaliza." Akangoja. Nadhani ilipita dakika nzima. Nikalimalizia lile neno: "Mrija." Alikimbia bila viatu mpaka kwa Padri mlezi wa bweni, na kabla ya mapambazuko nilikuwa hospitali. Mrija ulikuwa umeziba, nao ukabadilishwa. Daktari alimwambia baba kwamba kama ningaliachwa nilale mpaka asubuhi, huenda nisingaliamka.

Basi mkisema kwamba dunia haimngoji mtu, mimi nasema kwamba dunia ya bweni letu ilingoja dakika moja usiku ule, na ndiyo sababu naandika habari hii. Tena dunia hiyo ya kesho tunayoiogopa ni nani kama si sisi wenyewe, tutakapokuwa wakubwa wa ofisi?

Nawaomba mambo matatu. Kwanza, anayepewa muda wa ziada apewe bila minong'ono, na asiyeutaka asilazimishwe, ila aambiwe kisa changu cha Kemia. Pili, msitumalizie sentensi zetu. Mkifanya hivyo hutoka maneno yenu, si yetu. Na makofi ya huruma pia mtuondolee. Mtu akisema upuuzi, mpingeni kama mnavyowapinga wengine. Tatu, kila bweni lijue dalili hizi: mwenye mrija akiumwa kichwa, akatapika na kusinzia kupita kawaida, asipewe vidonge na kulazwa. Apelekwe hospitali wakati uleule, hata kama ni usiku.

Msidhani haya ni yangu peke yangu. Mimi sikutibiwa Mbale, lakini hospitali ya CURE ya mji huo imekuwa ikiwatibu watoto wenye maji ya kichwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wengi wa watoto hao sasa ni wa umri wetu. Baadhi watakuja katika shule kama hii, wakiwa na makovu yaliyofichwa na nywele, na yafaa watukute tumejiandaa.

Nanyi mliotutangulia, ambao wengine ni walimu, waganga na wakuu wa kazi, kijana akija mbele ya meza yenu na maneno yake yakatoka moja moja, tafadhali msitazame saa.

Ile sentensi niliyokatiwa na kengele ilikuwa hivi: "Alama nitazitafuta mwenyewe; ninyi ningojeni tu nimalize."

Ni mimi ndugu yenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Sita