Mbegu ya viazi ichaguliwe shambani, si kwenye rundo

Ndugu wakulima, katika milima yetu ya Masisi, Rutshuru na Lubero kuko desturi moja ambayo sisi wote tunaijua. Siku ya mavuno, viazi vikubwa vinaingia gunia na kwenda soko, vya katikati tunakula, na vile vidogo vidogo tunaweka kwa mbegu. Mimi nasema desturi hiyo inatumaliza, na koperative zetu ziiache.

Juu ya nini? Shina lenye virusi mara nyingi linazaa viazi vidogo na vichache. Ukiokota vidogo kwenye rundo, unajichagulia ugonjwa. Virusi vinalala ndani ya kiazi na mara nyingi ganda halionyeshi kitu. Ukikipanda, shina linaota likiwa gonjwa tayari. Kisha vidukari, vile vidudu vidogo vinavyofyonza majani, vinapeleka ugonjwa kwa mashina mengine. Musimu baada ya musimu mavuno yanashuka, na tunasema udongo umechoka. Mara nyingi kilichochoka ni mbegu.

Wengine wanakimbilia dawa ya mildiu. Kama shida ni virusi, hayo ni makuta ya bure: hakuna dawa ya kuponya shina lenye virusi. Tujue kutofautisha. Mildiu inaleta madoa meusi, na asubuhi yenye unyevu unaona kama unga mweupe chini ya jani. Mnyauko unalegeza shina likiwa bado kijani. Virusi vinafanya shina libaki dogo kuliko wenzake; majani ya chini yanajikunja kwenda juu na kuwa magumu, ao jani linachanganya kijani na manjano na kukunjamana.

Dalili hizo zinaonekana wakati majani ni mabichi tu. Kwa hiyo viazi vikianza kutoa maua, pita kila mstari, simika kijiti kando ya mashina mazuri. Rudi kisha juma mbili. Shina lililobadilika, ondoa kijiti chake. Siku ya kuvuna, chimba kwanza yale ya vijiti, moja moja. Lenye viazi vichache ao vibovu, usilichukue. Mbegu hiyo iweke pekee. Wakulima wa Kenya waliofanya hivyo waliongeza mavuno karibu 30 kwa mia, bila kununua mbegu mpya.

Najua mtasema: "Viazi vizuri ndivyo vinalipa minervale ya watoto." Ni kweli. Lakini tuhesabu. Shamba linalohitaji mbegu 1000, kama kila shina zuri linatoa mbegu 5, linataka mashina 200 tu. Yanayobaki, uza.

Macho hayaoni vyote. Kuko virusi visivyoonyesha dalili, na hivyo vinahitaji laboratware. Ndiyo maana koperative iendelee kununua mbegu safi kwa pamoja, kila inapoweza. Vijiti vitasaidia mbegu hiyo idumu.

Pendekezo langu kwa mkutano mkuu ujao ni moja: mbegu isiingie depo ya koperative kama shamba lake halikutembelewa likiwa kijani. Na katika kamati ya kutembelea wawemo wamama, kwa sababu wao ndio wanapalilia na wanalijua kila shina. Mbegu tunapeana kati ya ndugu na majirani. Tusipeane ugonjwa.